Kicheko cha Mwenye Msiba

Chilewa alikuwa amelala kifudifudi juu ya jeneza la mama yangu, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, akipiga kelele kwamba mwanamke huyu hazikwi leo.

"Hazikwi! Miaka ishirini ameniuzia pombe ya ulanzi iliyotiwa maji! Wahehe, mnanisikia? Nataka ulanzi wangu. Kama hamna, nipeni hili sanduku nikafugie kuku!"

Watu wakacheka. Wajomba zangu wakacheka, kwaya ikacheka, hata katekista akageukia ukutani ili tusimwone. Ndivyo ilivyo kwetu Iringa. Wagogo ni watani wetu, na msiba usioharibiwa na watani umepooza, utadhani marehemu hakuwa na watu. Chilewa alikuwa amesafiri kutoka Bahi kwa kazi hiyo tu, na kazi yake aliijua.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mkekani, macho yamevimba, na nilichotaka duniani ni kitu kimoja: mtu yule aondoke juu ya mama yangu. Nikanyanyuka, nikamvuta shati, nikalia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

"Mwache! Nasema mwache mama yangu!"

Ngiri aliyekuwa amesimama langoni akageuza kichwa.

Jina rasmi la mashine hiyo ni refu na hakuna anayelikumbuka. Sisi tunawaita Ngiri kwa sababu ya ile mikono miwili ya chuma iliyochomoza mbele. Wana miguu minne, wanamzidi ndama kwa urefu, na Sheria ya Kipimo inataka kila stendi, harusi, mnada na msiba uwe na mmoja. Huyu wetu aliuvuka ua kwa hatua tatu. Alikanyaga sufuria la maharage, akamng'oa Chilewa kutoka kwenye jeneza kwa mkono wa kulia, akamtupa chini chali na kumwekea goti kifuani. Nilisikia mbavu. Mtu aliyewahi kufanya kazi machinjioni haulizi ule mlio ni wa nini.

"Shambulio dhidi ya mwenye msiba," akasema Ngiri kwa ile sauti yake ya kike, ya adabu. "Hatua ya kwanza ni kushika. Hatua ya pili ni mkono. Hatua ya tatu ni shingo. Kati ya hatua na hatua ni dakika mbili. Tafadhali mwenye msiba aonyeshe kama huu ni utani."

Nililijua kila neno kabla halijatoka. Maneno yale niliyaandika mimi.

*

Miaka kumi na mmoja nilikuwa mchunaji wa ng'ombe. Kisu, ndoano, maji ya moto, ngozi. Ningefia humo na nisingelalamika, ila mdogo wangu Fidelisi alichomwa moto stendi, Jumamosi saa nne asubuhi, kwa sababu mama mmoja alipiga ukunga kwamba kaibiwa simu. Simu ilikutwa baadaye chini ya kiti cha basi. Fidelisi nilimtambua kwa kiatu. Waliomchoma niliwajua pia; wawili walikuwa wateja wangu wa maini.

Muda si mrefu serikali ikatangaza kwamba hasira ya umati itakabidhiwa mashine. Badala ya watu mia tatu na tairi, kitakuja chombo kimoja kisichokasirika, kitapima kosa na kutoa adhabu ya kiasi chake, palepale, mbele ya watu. Wengi walipiga vigelegele. Mimi nilijiuliza swali moja: nani atakifundisha chombo hicho kumjua mwizi? Vijana wa vyuo ambao hawajawahi kuona mtu akiungua?

Nikaamua nitakifundisha mimi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, cheti cha darasa la saba, na simu yenye kioo kilichopasuka. Masomo ya kuandika programu yalikuwa bure mtandaoni, yote kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilinunua kamusi. Mazoezi niliyaandika kwenye karatasi za kufungia nyama, maana ndizo nilizokuwa nazo. Mwezi mzima nilishindwa kuifanya mashine ijumlishe mbili na tatu, nikairusha simu kwenye pipa la utumbo, kisha nikaingiza mkono kuitafuta.

Chilewa ndiye aliyenibeba. Tulikuwa tunachuna meza moja, kabla hajarudi kwao Bahi. Alikuwa akimaliza ng'ombe wake, anaanza wangu, ili mimi nipate saa moja nyuma ya ghala la ngozi. Halafu anakuja kunihoji, damu hadi viwikoni, karatasi yangu ameishika juu chini.

"Haya, Mhehe. Hii takataka ni nini?"

"Amri ya kurudia. Inarudia mpaka sharti litimie."

"Na lisipotimia?"

"Haisimami."

"Sasa we mwehu, kwa nini usiiwekee pa kusimama?" Akanipiga na karatasi kichwani. "Kama huwezi kumweleza Mgogo akaelewa, basi na wewe hujaelewa. Anza upya."

Nilianza upya kwa miaka minne. Ofisi ya Kipimo walinichukua kwa sababu kati ya waombaji wote, mimi peke yangu niliandika programu iliyoutambua umati dakika sita kabla haujashika mawe. Nilijua pa kutazama. Nilitazama miguu, wakati wenzangu walitazama mikono.

Mwezi wa kwanza tu wa kazi, Ngiri alivunja vidole vya mtani aliyeiba mbuzi wa harusi. Wakubwa wakataka kupiga marufuku utani nchi nzima. Nilikataa, nikapiga meza. Nikawaandikia kanuni mpya: Ngiri atazame uso wa mwenye shughuli. Akicheka, ni utani. Asipocheka, ni kosa.

Majambazi waliielewa mapema kuliko mawaziri. Waliingia majumbani na mapanga, wakawaambia watu, cheka, na Ngiri wa doria akapita nje akiwaona dirishani wakicheka. Familia moja ya Ipogolo iliuawa yote ikicheka. Nikarudi kwenye programu. Kicheko cha kweli hakiamriki: pumzi hutoka vipandevipande, misuli ya chini ya macho hukaza yenyewe, tumbo hutangulia mdomo. Nikamfundisha Ngiri hayo yote kwa picha za misiba sitini, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumdanganya.

Aliyesoma darasani huwa na mwenzake wa kumwuliza, hivi, na mwenye msiba akiwa ameumia kweli, itakuwaje? Mimi nilizoea kujitungia mtihani, kuufanya na kujisahihishia mwenyewe. Nilijipa alama zote.

*

Nilimpigia Nyagawa, mkuu wangu pale Ofisi ya Kipimo, kijana wa chuo, mpole, aliyeniheshimu.

"Zima huyu Ngiri! Namba kumi na saba, hapa kwetu Kigamba. Zima sasa hivi!"

"Dada, kuzima kunataka funguo mbili, wako na wangu, na zote ziko hapa ofisini. Uliandika wewe hivyo." Nilimsikia akibonyeza vitufe. "Naona picha. Dada, si utani huo? Cheka tu."

"Siwezi."

"Cheka, dada Leokadia. Kanuni ni yako."

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nilivuta midomo, nikatoa sauti, ha, ha, ha, mbele ya jeneza la mama, na wanawake wakaanza kulia kwa kuniona.

"Kicheko si cha kweli," akasema Ngiri. "Hatua ya pili."

Aliupinda mkono wa Chilewa taratibu, kama mtu anayevunja kuni ya kupikia, kwa kipimo kilekile nilichokiweka. Mfupa ulitokeza kwenye nyama juu ya kiwiko. Mjomba wangu mkubwa alikuja na shoka, akampiga Ngiri shingoni mara mbili. Shoka likaruka, na Ngiri akamkumbusha kwa upole kwamba kumzuia mpimaji ni kosa, kisha akamsukuma kwa bega. Mjomba akadondokea kwenye moto wa kupikia. Walimtoa nguo zikiwaka.

Dakika mbili. Nilipiga magoti karibu na kichwa cha Chilewa. Damu ilikuwa imeanza kumtoka mdomoni, nyekundu yenye povu, na hilo nalo nilijua maana yake.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nisamehe, Chilewa. Mimi ndiye niliye..."

"Nyamaza wewe." Alikuwa akitafuta pumzi. "Nani kakuambia ulie? Kazi yako ni kucheka. Mama yako... mama yako alikuwa na miguu mibaya."

"Chilewa, acha."

"Mibaya. Ng'ombe walikuwa wanaikimbia." Akakohoa, damu ikaniruka shavuni. "Na ulanzi wake... mimi najua maji ninayoyanywa. Yale yalikuwa ya Mto Ruaha, na vyura wake ndani."

"Sekunde thelathini," akasema Ngiri. Mkono wake wa pili ukahamia shingoni.

Chilewa akafumba macho. Nilidhani amekata tamaa. Kisha nikaona suruali yake inalowa, madoa yanashuka hadi magotini, maji yanatambaa kwenye vumbi kuelekea kwenye jeneza. Maumivu yalikuwa yamekifungua kibofu chake mbele ya watu mia mbili. Akafumbua jicho moja, akatazama kule yanakoelekea, akanitazama.

"Haya," akasema. "Mwambie mama yako maji yake nimemrudishia."

Nikacheka. Tumbo lilitangulia, nikajikunja, nikacheka machozi na makamasi, nikashindwa kuacha. Sijawahi kucheka vile tangu nizaliwe na sitacheka tena.

"Utani," akasema Ngiri, akaondoa goti. "Hakuna kosa. Tunawatakia maziko mema."

Akarudi langoni. Chilewa alifia kwenye gari, kabla hatujafika hospitali, kichwa kikiwa mapajani pangu.

*

Siku ya tatu Nyagawa alinijia nyumbani na karatasi. Ilikuwa kumbukumbu ya tukio: *Utani. Hakuna kosa.* Ilihitaji saini ya mwandishi wa kanuni ili Ngiri wote wajifunze kutokana nayo.

"Wajifunze nini?" nikamwuliza. "Kwamba mtu anaweza kuvunjwa mbavu hadi afe, na mwenyeji akicheka ikawa sawa?"

"Tutarekebisha polepole. Lakini usiposaini, dada, sheria inataka Ngiri wote wasimamishwe mpaka apatikane mwandishi mwingine. Nchi nzima." Aliitazama sakafu. "Miaka sita hajachomwa mtu hata mmoja. Unajua hilo kuliko mimi. Unataka turudi kwa Fidelisi?"

Nilimchukia kwa kulitaja jina lile, na nilimchukia zaidi kwa sababu alisema kweli. Nikamwambia anipe siku nne. Nilikuwa na msiba wa kwenda.

Mtani wako akifa huna budi kwenda. Ningeweza kujificha, kusema naumwa, na hakuna Mgogo ambaye angenilaumu. Lakini Chilewa angezikwa bila Mhehe wa kumtania, naye alikufa akimtania mama yangu. Nikapanda basi la Bahi.

Ngiri wao alikuwa amesimama karibu na zizi. Watu waliponiona walinipisha njia. Mwenye msiba alikuwa Damari, mke wake, mwanamke mrefu, kajifunga kaniki kifuani. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," hakuitika. Basi nikafanya kilichonipeleka. Nikavua viatu, nikaruka ndani ya kaburi, nikalala chali kwenye udongo mbichi.

"Shimo hili nalichukua mimi!" nikapaza sauti. "Chilewa anakoroma, atawasumbua wafu wa watu! Mlazeni zizini na fahali wenzake!"

Hakuna aliyecheka. Damari alikuja ukingoni, akaniangalia chini.

"Shambulio dhidi ya mwenye msiba," akasema Ngiri. Alinishika mkono wa kulia, akanitoa shimoni na kuninyanyua hewani kama kuku. Bega likateguka papo hapo. "Tafadhali mwenye msiba aonyeshe kama huu ni utani."

"Cheka, mama!" wazee wakaanza kumsihi Damari. "Cheka, atauawa huyu!"

Damari akanisogelea hadi nikanusa ugoro wake.

"Wewe ulicheka lini?" akauliza. "Kabla ya mkono, au baada?"

Ningeweza kudanganya.

"Baada," nikasema.

"Haya."

Akakunja mikono. Akasubiri. Dakika mbili nilizoziandika mwenyewe, nikidhani ni muda wa huruma, nilizihesabu zote. Kisha Ngiri akanivunja mkono, palepale juu ya kiwiko, na nikalia kama mnyama, nikajisaidia, nikaomba kwa Kihehe, nikamwita mama yangu aliyekwisha kuzikwa.

Ndipo Damari akacheka. Sijui alichekea nini, labda sura yangu. Kilianzia tumboni, kikamtikisa mabega, kilikuwa kicheko cha kweli kabisa, na Ngiri katika hilo hakosei.

"Utani," akasema. "Hakuna kosa. Tunawatakia maziko mema."

Nilianguka kwenye lundo la udongo. Damari akaacha kucheka ghafla kama alivyoanza. Akajifungua kaniki, akabaki na gauni, akanifunga nayo mkono, na sasa alikuwa akilia.

"Nimefanya nini," akasema. "Shemeji, nimefanya nini mimi?"

"Hujafanya kosa," nikamjibu. "Umesikia mwenyewe, limesemwa." Na nilipolisema hilo nilijua nitaandika nini kwenye karatasi ya Nyagawa.

*

Niliandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, ofisini, mbele ya Nyagawa: *Si utani. Mtu ameuawa, na aliyeandika kanuni ni mimi, Leokadia Kihwele.* Alisoma mara mbili, kisha akachukua ufunguo wake akanipa wangu. Jumatatu saa sita mchana Ngiri wote walikunja miguu pale walipokuwa, masokoni, makanisani, malangoni. Watoto wakaanza kuwapanda.

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda stendi kila asubuhi. Nakaa kwenye benchi la abiria, mkono kwenye plasta, natazama miguu ya watu. Wauza karanga walidhani nimechanganyikiwa. Jumanne ilipita. Jumatano ikapita. Alhamisi, saa nne na robo, niliona visigino vinanyanyuka upande wa mabasi ya Mbeya, watu wanasogea bila kukimbia, na bado hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimeshasimama.

"Mwizi!"

Aliyeitwa hivyo alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, shati limechanwa. Walikuwa wamemwangusha tayari. Mmoja alikuwa anaburuta tairi, mwingine anauliza nani ana mafuta, na nyuma yao, naapa ni yeye, mteja wangu wa zamani wa maini, kaokota jiwe. Sikujua kama yule mzee kaiba au hakuiba. Sikuwa na kipimo chochote cha kunijulisha. Nilipenya katikati ya migongo nikitumia bega zima, nikamfikia, nikamlalia kwa uzito wangu wote, uso wake kwenye shingo yangu.

"Toka hapo, mama!" wakapiga kelele. "Toka, tutakuunganisha naye!"

"Rusheni," nikawaambia. "Mimi sitoki."

Jiwe la kwanza lilinipata juu ya plasta.